Juisi ya Choya Haifuti Vidonge

Mxiuu! Nimesonya, na nitasonya tena. Kuanzia Mchafukoge hapa hadi Kariakoo, mtu anabeba mizigo mgongo ukiuma, anameza Panadol mbili asubuhi bila hata chai, tatu mchana, tatu usiku. Mafua yakimbana, anaongeza na dawa ya mafua. Ukimsemesha anakujibu: "Kaka, usihofu, nashushia na juisi ya choya, inasafisha ini." Inasafisha nini, jamani!

Tusikilizane. Kidonge cha kawaida cha parasetamo, ambayo ndiyo Panadol, kina miligramu 500, na mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8. Huyu ndugu yetu keshafika hapo. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamo hiyohiyo, kwa hiyo anazidisha bila kujua. Ini linapoishughulikia dawa, sehemu yake ndogo hugeuka sumu, na ini huizima kwa kinga yake lenyewe, glutathioni. Dozi ikizidi, glutathioni huisha na sumu huanza kuua seli za ini. Mlevi na anayeshinda njaa, kinga yao huwahi kuisha.

Ni kweli, choya, mlonge na binzari vina antioksidanti, na panya wa maabara waliopewa vitu hivyo maini yao yameonekana kuumia kwa kiasi kidogo kuliko ya wenzao. Lakini panya hupimiwa dozi, na mara nyingi hupewa kinga kabla ya sumu. Tena vidonge vya binzari iliyokolezwa vimewahi kuwaumiza watu maini. Kwa binadamu, tiba iliyothibitika ni asetilisisteini, inayolirudishia ini glutathioni. Hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mtu azidishe dozi. Na siku ya kwanza aliyezidisha anaweza kujiona mzima! Hapo ndipo watu wanapochelewa.

Na wewe uliye kwenye dozi ya kifua kikuu: rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi zinaweza kuumiza ini. Ukiona macho ya njano, kichefuchefu kisichoisha au mkojo mweusi, rudi kliniki leo, usijitibu kwa mlonge.

Kunywa choya yako, kula mchicha na machungwa, ni chakula chema. Lakini hesabu vidonge vyako, soma pakiti, na ukizidisha, kimbilia hospitali, si genge la juisi.