Sifa za Resi Inayonata

Mnazi umeshasifiwa, mkarafuu umesifiwa, bibi harusi anasifiwa kila Jumamosi. Resi ya pikipiki inayonata haijapata hata ubeti mmoja, na mimi naiona dhuluma hiyo.

Sifa yake ya kwanza ni ukarimu. Wewe unavuta kidogo tu, kwa adabu, upenye katikati ya daladala mbili; yenyewe inakupa. Unarudisha mkono kuonyesha kwamba umetosheka, inazidi kukupa. Halafu inahimiza ibada. Abiria aliyekuwa na simu sikioni akibishana juu ya bei ya gunia la viazi huikumbuka dini yake papo hapo, kwa sauti. Wakiwa mishikaki, watu watatu wasiofahamiana, hukumbatiana kwa upendo ambao hata ndugu wa damu hawauonyeshi.

Tena si kitu cha kuokotwa, kina nasaba. Baba yake ni vumbi la Dodoma, mama yake ni chumvi ya upepo wa Tanga. Waya wa resi ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, zikapitishwa ndani ya ganda kutoka mkononi hadi kwenye kabureta, ambako hukinyanyua kipistoni kidogo ili hewa na mafuta vipite. Kinachokirudisha chini ni springi, basi. Chembe za mchanga, kutu, au uzi mmoja uliokatika ukajikunja na kukwaruza ganda kwa ndani, hutosha kuishinda springi hiyo.

Wajomba nao wapo. Kuna aliyefunga waya ukabanwa chini ya tangi, ukikata kona injini inanguruma yenyewe. Kuna aliyenunua raba za mkono zenye manyoya, akaisukuma ya kulia mpaka ikasugua ncha ya usukani. Na kuna yule aliyesafisha kabureta vizuri kabisa, kisha akarudisha kipistoni bila kulinganisha mfereji wake na pini iliyomo ndani, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Huyu mimi namheshimu kuliko wote.

Mwenye fadhila hakosi maadui. Wao huzima injini, wakavuta resi mpaka mwisho na kuiachia, wakisikiliza kama inarudi kwa kishindo, tak! Hurudia usukani ukiwa umenyooka, umekatwa kushoto, umekatwa kulia. Ikinata upande mmoja tu, wanajua waya umepitishwa vibaya. Ikinata pande zote, wanaufungua waya kwenye kabureta na kuzungusha mkono tena: bado mzito, ubaya uko kwenye waya au raba; umekuwa mwepesi, ubaya uko ndani ya kabureta.

Kisha huja ukatili wa oili. Wanauchomoa waya upande wa mkononi, wanafunga nailoni kama faneli kwa kipande cha mpira wa tairi, wanadondosha oili nyepesi na kuuacha ukining'inia usiku kucha mpaka itokeze chini ikiwa nyeusi. Afadhali wenye haraka, wanaotia mafuta ya kupikia. Hayo baada ya muda huwa gundi, nasi tunaoipenda resi inayonata tunashukuru. Wakimaliza, hurekebisha nati mpaka mkono uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla waya haujaanza kuvuta. Uzi ukiwa umeshakatika hawahangaiki na oili. Wananunua waya mpya.

Hata njiani hawaiachi itambe. Injini ikipiga kelele bila kuombwa, wanabana klachi, nguvu haifiki tena kwenye gurudumu, wanashika breki huku wakizima kwa swichi ya kidole gumba, na wasio nayo huzima kwa ufunguo bila kuuzungusha hadi kwenye loki ya usukani. Sekunde chache tu, na pikipiki imesimama kando ya barabara, abiria ameudhika lakini mzima.

Watu wa namna hiyo hawataijua kamwe raha ya kutokea Ubungo ukitaka kushukia Mlimani City, ukajikuta Mwenge, wala dereva asikuongezee nauli.