Sifa za Dumuzi, Mkazi Mwema wa Kagerankanda

Wakulima wenzangu wa Kagerankanda, tusimame kidogo kwa heshima ya dumuzi. Wenye vihenge tunamfahamu: kijidudu cha kahawia, milimita 3 hadi 4 na nusu, kichwa amekiinamishia kifuani kama mkwe mwenye adabu. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligundulika Tabora, watu wakamwita Scania, lile lori, na kwetu Kigoma hakukawia kufika.

Hachagui chakula. Mahindi, makopa, hata mti mkavu porini. Msitu wa hifadhi na ghala kwake vyote ni nyumbani, wala hajawahi, kama sisi, kuitwa mvamizi akaambiwa afungashe.

Lakini ninachomvulia kofia ni ndoa yake. Dume haiti mke kabla hajapata pa kulala. Kwanza anatoboa punje, anachimba chumba, ndipo anatoa harufu ya kuita. Harufu hiyo huwavuta majike na madume wenzake pia, na hakuna anayedaiwa kadi ya mchango. Jike akishaingia, bwana hupunguza harufu: kaoa, matangazo ya nini tena? Vijana wa mjini, mpo? Bibi naye hatagi hovyo juu ya gunia. Huchimba vijia vya pembeni kutoka njia kuu, akaweka mayai humo na kuyafukia kwa vumbi la mahindi, ili watoto wazaliwe wamezungukwa na chakula. Kwenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa kutosha, yai huwa dumuzi kamili kwa siku kama 25. Palipo na baridi anachelewa kidogo. Anafika tu.

Miaka hiyo ya 1980, kuna maghala Tanzania yaliyopoteza theluthi ya uzito wa mahindi kwa miezi michache. Theluthi! Na ile dawa ya vumbi niliyouziwa dukani kwa bei ya kuumiza, dumuzi aliivuka kama anajipaka poda!

Samahani. Tunasifu.

Sifa yake kuu ni utii. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikataza kuuza mahindi nje ya nchi. Anayetaka kuvuka mpaka asage, auze unga. Burundi iko hapa jirani, nasi tukabaki na magunia, bei ikiporomoka. Mashine ya kusaga unga wa kuuza nje tungeitoa wapi? Aliyetekeleza agizo ni dumuzi peke yake. Alisaga usiku na mchana, bila leseni wala mkopo, na agizo lilipokuja kulegezwa alikwisha kupata vitukuu.

Kwa hiyo waheshimiwa wa Dodoma, mkitaka kufunga mpaka tena, fungeni kwa siku zisizozidi 25. La sivyo njooni wenyewe mnunue mahindi yetu, taslimu, kwa bei ya Burundi.