Barua ya Wazi kwa Watunga Kanuni za Gofu

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa R&A,
St Andrews, Uskoti.

Waheshimiwa,

Kwa taadhima inayoustahili umri wenu, kwani klabu iliyowazaa iliasisiwa mwaka 1754, zama ambazo hapa Malaba hapakuwa na mpaka wala lori wala afisa wa forodha, na mto Malaba ulikuwa mto tu, ukivukwa na kila mwenye miguu bila ya kuulizwa amebeba nini, naja mbele yenu na haja ambayo sidhani kama imepata kuletwa kwenu na mtu wa upande huu wa dunia. Nawaita Waheshimiwa, wala siwaiti Mabwana, kwa makusudi. Maana habari zilitufikia hata huku ya kuwa mwezi wa Septemba mwaka 2014 wanachama wa klabu hiyo walipiga kura wakaridhia wanawake waingie, baada ya kulitafakari jambo hilo kwa muda wa miaka 260, na watu wenye subira ya kiasi hicho hawawezi kukosa nafasi ya kusoma barua ya wakala wa forodha.

Mimi ndiye wakala huyo. Kazi yangu tangu Jumatatu hadi Ijumaa ni kujaza nyaraka za mizigo ya watu wengine, nikiungama kwa niaba yao kwamba ndani ya lori mna kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Na Jumamosi, Mungu akijalia, hutwaa mkoba wangu wa fimbo nikaenda kuipumzisha dhamiri kwa gofu. Sisi wa Busia na Malaba, miji ya mpakani upande wa Kenya, uwanja wetu wenyewe hatuna, kwa hiyo hatuna budi kusafiri: mara Mumias kwenye miwa, mara Kakamega, na mara nyingine huvuka tukaingia Uganda hadi Tororo, mwendo mfupi kutoka hapa, ambako mtu hupiga mpira akitazamwa na lile jabali kubwa la mji, ambalo ndilo shahidi pekee katika mchezo huu asiyeweza kununuliwa soda. Mkoba wenyewe umekuwa fumbo mpakani. Kijana mmoja wa ukaguzi aliniuliza kwa adabu zote, "Mzee, fimbo hizi ni za nini?" Nikamwambia ni za kupigia mpira. Akauliza mpira mmoja au mingi, nikajibu mmoja. Akazihesabu fimbo, akapata kumi na nne, akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na shaka, akasema kwamba mwenye fimbo kumi na nne kwa mpira mmoja hana hila ya kukana kuwa ni mfanyabiashara. Nilipomweleza kwamba kumi na nne ndio ukomo mliouweka ninyi, na kwamba ya kumi na tano ingekuwa hatia, aliuliza cheti cha ukomo huo kiko wapi.

Haja yangu, Waheshimiwa, yahusu uaminifu. Kanuni za kwanza za mchezo huu ziliandikwa Leith mwaka 1744, nazo zilikuwa kumi na tatu. Zikazaana, kama sheria zote zizaanavyo, hata mlipozipunguza tangu Januari 2019 kutoka thelathini na nne hadi ishirini na nne. Lakini katika mabadiliko yote hayo jambo moja halikuguswa, nalo ni kwamba mchezaji, akiwa peke yake katika nyasi ndefu ambamo hata ndege hamwoni, ndiye mshtakiwa, ndiye shahidi, ndiye kadhi, na ndiye mwenye kuitoza nafsi yake faini. Sijui taasisi nyingine yoyote duniani, ukiitoa ile ya saumu, iliyothubutu kumwamini binadamu kiasi hicho.

Na wako waliostahili kuaminiwa. Bobby Jones, katika mashindano makuu ya wazi ya Marekani ya mwaka 1925, aliuona mpira wake ukijongea kidogo majanini alipokuwa akijitayarisha kuupiga. Hakuna mwingine aliyeuona. Waamuzi walimwachia hiari, naye akajiandikia mkwaju mmoja wa adhabu, na kwa mkwaju huo huo akaukosa ushindi wa moja kwa moja, akalazimika kurudiana na Willie Macfarlane, akashindwa. Watu walipomsifu alichukia, akaona ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hakuvunja benki. Zaidi ya huyo namkumbuka Roberto De Vicenzo wa Argentina, kwa sababu kisa chake kila wakala wa forodha hukisoma kwa kutetemeka. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters kule Augusta, siku aliyotimiza miaka arobaini na mitano, alilimaliza shimo la kumi na saba kwa mikwaju mitatu mbele ya halaiki ya watu. Mwenzake aliyekuwa akimwandikia kadi akaandika minne. De Vicenzo, akili ikiwa imechoka, akatia sahihi bila ya kuhakiki. Kanuni yenu ikanena kwa sauti baridi ya kwamba anayetia sahihi chini ya hesabu pungufu hufukuzwa mashindanoni, na anayetia sahihi chini ya hesabu iliyozidi hubaki nayo hiyo hiyo. Mikwaju yake sitini na tano ya siku hiyo ikawa sitini na sita, nafasi ya kurudiana ikapotea, na mpinzani wake Bob Goalby akavikwa koti la kijani la bingwa. Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilisema moyoni: hii ni forodha tupu! Ukitaja thamani pungufu ya mali yako, umekwisha. Ukiizidisha kwa bahati mbaya, serikali yakushukuru kwa ukarimu wako.

Hiyo ndiyo sifa. Sasa niruhusuni nieleze hali ilivyo katika klabu moja ya magharibi mwa Kenya ambayo sitaitaja, kwa kuwa huko ndiko ninakopewa chai. Huko mpira hupotea kwenye nyasi kwa dakika mbili na nusu kamili, na katika nusu ya dakika inayobaki kati ya zile tatu mlizotuwekea huonekana ghafla, umekaa vizuri juu ya majani kama yai la kuwekwa kwa mkono, na mwenyewe hustaajabu kuliko sisi sote. Mguu wa kulia wa muungwana mmoja umezoea kutembea karibu mno na mpira wake. Mwingine hupiga mikwaju saba mbele ya macho yetu, kisha akakohoa na kusema, "Niandikie tano," na mwandishi wa kadi, ambaye ana tenda inayosubiri sahihi ya yule anayekohoa, huandika tano kwa hati nzuri. Yuko pia yule mwenye handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa kwa udhaifu wake, ya ishirini na mbili, naye huitunza kwa uangalifu mkubwa. Siku za kawaida hupiga vibaya na kuripoti vibaya zaidi, na siku yenye zawadi ya friji huteremshiwa kipaji kutoka mbinguni, akacheza mithili ya mtu wa kumi na mbili. Mfanyabiashara wetu wa mpakani hupunguza thamani ya mzigo ili alipe kidogo, na huyu huongeza udhaifu wake ili alipwe zaidi; ujuzi ni mmoja.

Haya yote yanajulikana na mtu mmoja, naye ni kedi, yule mbeba mkoba wa fimbo. Kedi huona mguu, huona mfuko wenye tundu unaodondosha mpira wa pili, huhesabu saba pale panaposemwa tano. Na kwa kuwa ujira wake wa siku umo mkononi mwa mwenye mguu, huyainua macho yake mawinguni, akatabiri mvua. Kanuni zenu zote zinamwambia kedi mengi kuhusu anachoweza kukishika na asichoweza kukishika. Hazimwambii afanye nini na alichokiona.

Lakini jioni, viatu vikiisha kubadilishwa, utawasikia waungwana hao hao, ambao miongoni mwao wamo wakubwa wa idara, wanasheria, wenye malori, na sisi mawakala, wakihutubiana juu ya gofu kuwa ni chuo cha uadilifu, na kwamba nchi hii ingekuwa mbali lau kila mwananchi angecheza. Jumatatu ikifika hurudi kazini, na tangu saa mbili ya asubuhi hawamsadiki mtu yeyote.

Hapo ndipo anapoingia mama mmoja wa Busia, mwuza mayai. Jina lake silitaji, ila trei zake zajulikana na kila aliyepata kusimama kwenye foleni. Yeye hutoa mayai Uganda na kuyaleta sokoni Kenya. Ukumbi ule wa pamoja wa mpakani, ambao Rais Kenyatta na Rais Museveni walikuja kuufungua Februari 2018 ili msafiri asimame mahali pamoja badala ya pawili, upo kwa ajili yake pia; na utaratibu wa biashara ndogo wasema wazi kwamba mali iliyotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani yake isipozidi dola 2,000, hupita kwa cheti chepesi cha asili bila ya kutozwa ushuru. Mayai yake hayajapata hata kuikaribia thamani hiyo, wala kuku wa Uganda hajulikani kutaga mayai ya Uchina. Walakini mama huyu huulizwa, hufunguliwa, huhesabiwa, huhesabiwa tena, huambiwa asubiri, na akichoka kusubiri akapita na bodaboda kwenye njia ya panya, huitwa mhalifu na watu ambao Jumamosi waliyapanda mayai yao wenyewe kwenye nyasi ndefu.

Nauliza kwa unyenyekevu: kwa nini mwenye mkoba wa fimbo aaminiwe kwa neno lake, na mwenye trei asiaminiwe hata kwa cheti? Nimelipima suala hili kwa mizani ya insafu, nikaona kwamba dawa ni mbili, na mkiikubali mojawapo nitaridhika.

Mnazo tayari kanuni za mahali, na kwa hizo ninyi ni wepesi wa kuelewa shida za watu. Yasimuliwa kwamba Nyanza Club ya Kisumu ilipata kuwa na kanuni iliyomruhusu mchezaji ambaye mpira wake umetua karibu na kiboko au mamba kuangusha mwingine mahali pa salama bila ya adhabu, na Jinja nako, kwenye Mto Naili, mpira ulioingia kwenye unyayo wa kiboko ulikuwa ukiinuliwa bure. Ikiwa kiboko alitungiwa kanuni, mpaka nao haustahili? Basi dawa ya kwanza ni kumfanyia mchezagofu yale afanyiwayo mfanyabiashara. Kwenye shimo la tisa pajengwe banda la ukaguzi, mikoba ifunguliwe, mifuko ya suruali ipitishwe kwenye mashine, na kila mpira ufungwe lakiri ya elektroniki kama ile ya malori ya kwenda Kampala, ili ukihama nyasini bila ya kupigwa, king'ora kilie Nairobi. Dawa ya pili, ambayo ni ya gharama ndogo, ni kumfanyia mama wa mayai yale afanyiwayo mchezagofu: ajihesabie, jirani yake kwenye foleni amwandikie kadi, wote wawili watie sahihi, apite, na akitambua njiani kuwa alisahau trei moja, arudi kwa hiari yake na kujitoza.

Kanuni nyingine zenu zingetufaa kama zilivyo. Dakika tatu za kuutafuta mpira zingekuwa rehema kuu kwa madereva wa Malaba, hususa wale wa mwaka 2020, wakati wa korona, waliolala barabarani siku nyingi wakingoja majibu ya vipimo katika msururu wa malori ambao mwisho wake haukuonekana. Kanuni ya mpira uliotoka nje ya mipaka, kwamba mtu arudi alikotoka na aongezewe mkwaju, kwetu imegeuka: atokaye nje ya mipaka hulipa kitu kidogo na kuendelea mbele. Na ile ya mpira wa akiba, ambao mchezaji hana budi kuutangaza kwa sauti kabla ya kuupiga, wafanyabiashara wetu wakubwa waijua nusu yake. Shehena moja ya sukari hupita barabarani na nyaraka zake zote, na ya pili hupita usiku mtoni; mpira wa akiba umepigwa kama mlivyoagiza, ila hautangazwi. Wala si jambo la jana. Miaka ya sabini, kahawa ya Uganda ilipokuwa ikimiminika hadi Chepkube, miguuni pa Mlima Elgon, watu walijenga nyumba za mabati mapya na kulipa karo, na katika hao wote sijasikia hata mmoja aliyejiandikia mkwaju wa adhabu.

Mkiamua kumtuma mjumbe wenu aje kuyaona haya, atapokewa kwa heshima. Namwomba tu aje na orodha ya fimbo zake katika nakala tatu, ajiepushe kusema ni za mpira mmoja, na akipenda kucheza Tororo, asubuhi ni afadhali kuliko mchana.

Limebaki swali moja, ambalo si langu. Mama wa mayai alinisikia nikiisoma kanuni yenu inayomruhusu mchezaji, akifika kwenye majani ya shimo, kuuinua mpira wake, kuupangusa na kuurudisha mahali pake pale pale, naye ameniomba niwaulize kama yaweza kutumika kwa mayai yanayoinuliwa na wakaguzi, kwa sababu hadi leo yakiinuliwa thelathini hurudi ishirini na saba.

Nami ni mtiifu wenu,
Wakala wa Forodha,
Malaba.