Nani Kamaliza Umeme?

Jumatano usiku nilikuwa kitandani na Mfalme Edipode, mchezo wa Sophocles, nakala niliyotolewa kopi steshenari, kurasa mbili zimebanwa juu chini na moja haionekani kwa sababu wino ulikuwa unaisha. Kesho yake saa mbili asubuhi nilitakiwa kusimama mbele ya darasa niseme kama huyo mfalme ana hatia au hana. Nimefika pale anapowatangazia watu wa Thebes kwamba aliyemuua mfalme Laius asikaribishwe na mtu, asisemeshwe, afukuzwe mjini, hata kama anakula ndani ya jumba lake yeye mfalme. Taa ikazimika.

Si mtaa mzima. Kwa jirani redio ilikuwa inaendelea na taarabu yake. Yuniti zimeisha.

Sisi tuko watatu, tumepanga chumba cha uani chenye mita yake. Jumapili kila mtu alitoa elfu mbili. Elfu sita za umeme, kwa watu wasio na friji, wasio na televisheni, wenye taa moja na simu tatu, ziishe Jumatano? Nikasimama gizani, nikajigonga kwenye dumu, nikatangaza: aliyemaliza umeme huu, awe nani, atanunua wa elfu kumi peke yake usiku huu huu, na atachota maji wiki mbili, madumu mawili asubuhi, mawili jioni.

"Sawa," akasema mwenzetu tunayemwita Mchumi, kwa kuwa ndicho anachosomea na ndivyo alivyo kwenye kuchangia nyanya.

Wa tatu, Babu, hakusema kitu. Babu ana miaka ishirini na mbili kama mimi ila analala saa tatu na anakunja shuka akiamka.

Nirudi kwa mfalme kidogo, maana darasani nimechoka. Ukiuliza kilichomponza Edipode, watu arobaini wanajibu kwa sauti moja: majaaliwa. Alitabiriwa atamuua baba na kumuoa mama, akakimbia, akayakuta kule kule alikokimbilia. Kwisha. Wakapige chai. Mimi sikatai, utabiri upo. Lakini kasome ile njia panda. Kijana anatembea kwa miguu, mzee anakuja na gari la farasi na watu wake, wanamsukuma atoke njiani, anampiga aliyemsukuma, mzee anamtwanga kichwani na fimbo ya kuswagia. Kijana anaua, akidhani kawamaliza wote. Kumbe mmoja kaponyoka, na mzee yule ndiye Laius, baba yake. Ugomvi wa nani apite kwanza! Huo naupanda kila asubuhi, bajaji na daladala zikinyang'anyana mita tatu za lami, konda katoa nusu ya mwili dirishani anamuuliza mwenzake aliko baba yake. Huku pwani tunajua njia panda si pa kuchezea, watu huacha mambo yao pale usiku, ukipita unaangalia unapokanyaga. Mnigeria Ola Rotimi, alipoupeleka mkasa huu kwa Wayoruba mwaka 1968, ugomvi wenyewe aliufanya wa shamba la viazi vikuu. Nikamwelewa kabisa. Barabara au shamba, mtu ni yule yule mwenye kupanda moto upesi.

Na mdomo. Hili ndilo nililotaka kulisema darasani. Edipode alitoa hukumu kwanza, upelelezi ukafuata.

Basi na mimi nikaanza upelelezi. Nikamuuliza Babu kama anajua lolote. Akasema, "Kaka, tulale." Nikamuuliza tena. Akasema, "Achana nalo, umeme tutanunua asubuhi." Mtu anayejua na hataki kusema anakera kuliko mwizi. Nikamwambia basi ni yeye, yeye na Mchumi, wamepika maharage mchana kwenye jiko la koili nilipokuwa darasani, na sasa wanalindana. Mchumi akaapa hajala maharage tangu bumu la mwisho la mkopo. Babu akakaa kitandani, nikasikia chaga zinalia.

"Ni wewe," akasema.

Nikacheka. Nilicheka kweli, peke yangu.

Wakati huo mama akapiga simu kutoka nyumbani, akasikia sauti yangu ilivyopanda. Nikamweleza. Akaniambia niache, mwanangu, kitu cha elfu sita kisinigombanishe na watu ninaolala nao chumba kimoja, atanitumia hela asubuhi. Jocasta, mama yake Edipode na mkewe, naye alimsihi aache kuulizauliza. Ulinganisho wa mama yangu na Jocasta unaishia hapo hapo, tafadhali.

Sikuacha. Nikatoka uani na tochi ya simu, nikamkuta binti wa mama mwenye nyumba, yuko darasa la pili, anaosha vikombe. Mchungaji wa Thebes, yule aliyeponyoka njia panda, alitishiwa mateso ndipo akafungua kinywa. Huyu alihitaji ubuyu wa mia mbili.

"Shikamoo kaka. Mimi ndo nilizima," akasema. "Ile ndoo ilikuwa inatoa moshi pale koridoni, maji yameisha, mama akanituma nichomoe waya. Nikamwambia kaka Babu."

Ndoo ipi?

"Ya bluu. Yako."

Mambo yakaanza kurudi moja moja, kwa mpangilio mbaya. Asubuhi nilichomeka hita kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Umeme ukakatika mtaa mzima. Nikasonya, nikaoga ya baridi kutoka kwenye pipa, nikakimbilia daladala. Waya nikauacha ukutani. Umeme ukarudi saa ngapi mimi sijui, hita inajua. Ilichemsha ndoo nzima, saa kwa saa, mpaka tone la mwisho, mimi nikiwa darasani nasikiliza mhadhara kuhusu mtu anayemsaka mkosaji asijue anajisaka mwenyewe. Niliandika hadi notsi.

Mchezo wa Edipode ulioneshwa Athens yapata mwaka 429 kabla ya Kristo, na inasimuliwa kwamba Sophocles hakupata zawadi ya kwanza. Alishindwa na mtu aitwaye Philocles, ambaye leo hana hata mchezo mmoja uliosalia mzima. Sijui kwa nini hilo lilinifariji nikiwa nimesimama koridoni, lakini lilinifariji, kama dakika moja.

Nikarudi ndani. Hakuna aliyeniuliza. Nikanunua umeme wa elfu kumi kwa simu, hela ya nauli ya wiki nzima, nikasubiri meseji, nikaanza kubonyeza tarakimu ishirini za tokeni, Mchumi akinimulika kwa tochi na kunisomea nne nne kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayesoma wosia. Nilikosea mara mbili. Ya tatu mita ikakubali.

Taa ikawaka, na kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa ndoo. Babu alikuwa ameisukumia nyuma ya mlango na kuifunika taulo, taulo lenyewe limeteleza. Upande mmoja mdomo umelegea umeangukia ndani kama wa mzee asiye na meno, na chini kabisa hita imeganda kwenye plastiki, nyeusi. Kando yake madumu mawili, matupu, vifuniko vimefunguliwa tayari.

Edipode alipojua alijitoboa macho. Mimi nikanyoosha mkono, nikazima taa.

"Si uiache iwake, kaka," akasema Babu kutoka kitandani. "Umeilipia."