Unalipa, Kisha Unabeba

Kilimanjaro mgeni hulipa ili abebewe. Marekani hulipa ili abebe mwenyewe. Tofauti hiyo sikuitilia maanani mpaka nilipohamia Phoenix, jimbo la Arizona, nikamkuta shemeji yangu, mtoto wa Tanga ambaye nyumbani alikuwa akipanda bodaboda kwenda duka la mtaa wa pili, amekuwa mtu wa kuzurura porini na makazi yake mgongoni.

Wenyewe wanauita mchezo. Unanunua begi refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, hema, godoro la kupuliza, jiko la gesi linaloenea kiganjani, kichujio cha maji, na viatu vya bei ya mbuzi wawili. Ukishafilisika unaomba kibali. Kupiga kambi chini ya ukingo wa Grand Canyon bila kibali ni kosa, na vibali vinagombewa hivi kwamba watu huviomba miezi kadhaa kabla. Shemeji alipopata chetu, wenzake kazini walimpongeza kana kwamba amepata viza. Alichopata ni ruhusa ya kulala chini.

Nina mjomba wangu Machame aliyebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro tangu ujana mpaka magoti yalipomkatalia. Nikaona si vizuri asikie habari hizi kwa watu wengine. Nikampigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Habari za huko?"

"Nzuri. Wiki ijayo tunashuka bonde moja kubwa na shemeji. Tutabeba mizigo."

"Kilo ngapi?"

"Kama kumi na saba hivi."

"Hiyo ya kawaida. Huku ukizidisha ishirini wanakurudisha getini. Mgeni ni mmoja au kikundi?"

"Hakuna mgeni, mjomba. Mizigo ni yetu."

"Ya kwenu. Sawa. Na malipo?"

"Tunalipa sisi."

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Hebu mpe simu mkeo," akasema.

Mke wangu alizungumza naye chumbani, mlango umefungwa. Alipotoka alianza kunipikia chapati, na mpaka leo hajanieleza waliafikiana nini.

Watu wa mchezo huu wana ugonjwa wa gramu. Shemeji alileta mizani ya jikoni sebuleni akapima kila kitu, mpaka soksi. Alikata mpini wa mswaki. Aling'oa vikaratasi vinavyoning'inia kwenye majani ya chai. Baada ya kuokoa gramu hizo zote akatia begini kamera na lenzi zake, mzigo usiopungua kilo mbili, akasema hiyo ni kumbukumbu, haihesabiwi. Upande wangu kulikuwa na dada yake, ambaye haamini chakula cha pakiti kinachopikwa kwa kumwagiwa maji ya moto. Akanifungia chapati, karanga za chumvi, tangawizi, sukari ya kutosha msiba, na dagaa wa kukaanga. Shemeji alitazama mizani, akamtazama dada yake, akairudisha mizani jikoni.

Sasa niseme kuhusu Grand Canyon, kwa sababu picha zake zinadanganya. Pichani ni bonde jekundu, zuri, limetulia. Lina urefu wa kilomita 446 na kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, na balaa lake ni mpangilio. Mlima una heshima: unakuchosha ukiwa unapanda, na ukishindwa unageuka, mteremko unakurudisha nyumbani. Bonde linakupokea kwa mteremko. Unashuka unaimba, unapiga picha, unawahurumia wanaopanda wakiwa wekundu usoni. Kumbe unawatazama jamaa zako wa kesho. Kuna mabango njiani yanayowakataza watu kujaribu kufika mtoni na kurudi siku hiyohiyo, na bado kila mwaka walinzi wa hifadhi wana kazi ya kuwaokoa wasiosoma mabango.

Tulishuka kwa njia ya South Kaibab, kilomita kama kumi na moja kutoka ukingoni mpaka kambi iliyo karibu na mto Colorado, na njiani hakuna hata tone la maji. Ukingoni asubuhi nilivaa koti. Kila tulivyoshuka nikavua kimoja, na mtoni nilikuwa nimebakiwa na fulana tu, joto la Mei likinikumbusha Dar es Salaam ya Februari, ila bila bahari na bila muuza madafu.

Katikati ya mteremko tukakutana na mpagazi wa huko. Ni nyumbu, yule wa kuzaliwa na punda na farasi, si wa Serengeti. Nyumbu wana haki ya njia: wakija, binadamu anasogea upande wa ndani, ukutani, anasimama kimya mpaka wapite. Tukasimama. Mbele alikuwa mwanamke mwenye kofia pana, nyuma yake msururu wa nyumbu waliofungiwa mizigo. Wa mwisho alisimama mbele yangu, akanitazama, akalitazama begi langu, akafanya haja ndogo bila haraka yoyote, akaendelea na safari. Shemeji ana picha.

Mizigo ile, nikaja kujua baadaye, ilikuwa ya watu. Ukilipa, nyumbu wanakushushia begi mpaka Phantom Ranch, nyumba za kulala wageni zilizojengwa kule chini mwaka 1922 kwa michoro ya msanifu Mary Colter. Nikamuuliza shemeji kama habari hiyo alikuwa nayo. Alisema alikuwa nayo. Nikamuuliza tena, kwa Kiswahili kinyoofu zaidi. Akasema kubebewa kunaharibu maana ya safari. Mtu wa Tanga.

Jioni ya kule chini sitaisema vibaya. Watu wazima, wengine wana vitambi na shahada, walikuwa wamekaa ndani ya kijito cha Bright Angel na nguo zao, maji yakiwapita kifuani, hakuna anayeongea. Phantom Ranch wanauza maji ya limau yenye barafu na kadi za posta, na ukitumbukiza kadi kwenye sanduku lao hupigwa muhuri kwamba imesafirishwa na nyumbu kutoka chini ya bonde. Nikamwandikia mjomba.

Kupanda tulipitia njia ya Bright Angel, ndefu zaidi, ila ina maji. Tulilala katikati, Havasupai Gardens, penye kivuli cha miti, na hapo ndipo nikamjua mnyama hatari wa Grand Canyon. Si nyoka. Ni kindi. Walinzi wanaonya kila siku kwamba wanang'ata wageni, nasi tukawa tunawaona wamenona wanatembea kwa kujiamini, mkia juu. Kambini pana masanduku ya chuma ya kufungia chakula. Shemeji alikuwa ametoa karanga zangu ale kidogo, akaziacha mfukoni mwa begi langu, akaenda kupiga picha machweo. Niliporudi kutoka bombani mfuko ulikuwa na tundu la kupita ngumi, na kindi ameketi juu ya begi anamenya kwa mikono miwili, taratibu, kama amealikwa. Nilipopiga kelele hakukimbia. Alisogea hatua moja, akageuka kunitazama kama nina la kuongeza.

Karanga zile hazikuwa anasa. Kwenye joto lile ukinywa maji mengi bila kula chumvi, chumvi ya mwili inapungua na unaweza kuzimia chupa ikiwa mkononi. Kwa hiyo kesho yake nilipanda Bright Angel nikilamba dagaa. Wapandaji wenzangu walianza kutupisha njia kutoka mbali. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu alinipita na fimbo zake mbili, akaniambia ninafanya vizuri sana. Akanipita kijana anayekimbia, naye akaniambia ninafanya vizuri sana. Nimeishi na Wamarekani vya kutosha: wakikwambia hivyo bila kuulizwa, jua hali yako imeonekana.

Ningeishia hapo, lakini shemeji alidai kwamba jangwa halikunitendea haki, nijaribu maziwa ya milimani. Tukaenda California, milima ya Sierra Nevada, kwenye maziwa ya Big Pine. Yako saba na majina yake ni Ziwa la Kwanza, la Pili, la Tatu, hivyohivyo mpaka la Saba. Aliyeyapa majina bila shaka alikuwa amebeba begi. Rangi yake ni ya feruzi, kwa sababu barafu ya Palisade inasaga mwamba kuwa unga laini ambao maji huuteremsha mpaka ziwani. Njiani mnapita nyumba ya mawe ya Lon Chaney, mwigizaji wa filamu zisizo na sauti, iliyobuniwa na Paul R. Williams, msanifu majengo Mweusi wa Los Angeles. Chaney huyo nilimheshimu papo hapo. Alitaka kulala porini, akajenga nyumba.

Ziwa la Pili liko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kichwa kiliniuma kidogo, na mbu walitupokea kwa wingi. Mbu wa Sierra hawana malaria, lakini wanang'ata kwa imani kwamba wanayo.

Tatizo kule ni dubu. Chakula chote, na dawa ya meno pia, hukaa ndani ya kopo la plastiki gumu, kubwa kama ndoo ya lita kumi, na usiku huwekwa mbali na hema. Letu la kukodi lilikuwa na vifungo viwili vya kuzungusha kwa sarafu. Dubu hana sarafu, ndiyo hesabu yenyewe. Asubuhi, barafu nyembamba imeshika juu ya hema, njaa imetukaba, tukagundua kwamba shemeji pia hana. Hakuna Mmarekani anayetembea na sarafu siku hizi. Ana kadi na simu. Tukajaribu kucha, kijiko, ufunguo wa gari. Majirani wa hema la pili wakaja na kadi zao za benki, moja ikavunjika. Nikajipapasa koti nililovaa mara ya mwisho nikitoka uwanja wa ndege wa KIA, na kwenye pindo la mfuko nikakuta shilingi mia mbili: upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili simba wawili. Ikaingia sawasawa. Simba wawili wakafungua kilichokusudiwa kumshinda dubu, na kwa asubuhi moja shilingi yetu ikawa na nguvu kuliko dola.

Kadi ya nyumbu ilifika Machame. Mjomba akapiga simu kuuliza jambo moja tu: nyumbu wanalishwa na nani? Nikamwambia, wenyewe. Akasema basi wana mwajiri.

Sasa shemeji anataka Mlima Whitney, mita 4,421. Kule hakuna choo, na sheria inataka kila mtu ateremke na kinyesi chake ndani ya mfuko maalumu wenye unga wa kugandisha. Yaani mzigo unapungua chakula na kuongezeka kwingine. Sijathubutu kumweleza mjomba. Vibali vya Whitney hutolewa kwa bahati nasibu inayofunguliwa Februari, na jina langu tayari limo kwenye orodha ya shemeji, tarehe za Julai. Kama kuna msomaji mwenye harusi, arobaini, au hata kikao cha kamati ya harusi mwezi huo, popote pale, naomba mwaliko wa maandishi. Nitachangia vizuri.