Mjamaa wa Mwisho wa Ghuba ya Mara

Mkoa wa Mara haujawahi kupungukiwa na wa kusifiwa. Butiama ilimtoa Mwalimu Nyerere, Bunda ikamtoa Jaji Warioba, na Musoma, isipitwe, ikatoa Azimio la Musoma mwaka 1974. Sato ana wapambe wake, dagaa ana wake, na dhahabu iliyo chini ya vilima ina wapambe kupita kiasi. Aliyesahaulika ni mmoja tu, hajatungiwa hata ngonjera ya shule ya msingi: ule utando wa kijani unaokuja kujipumzisha ufukweni siku ziwa likitulia, mzito kama rangi iliyomwagika, wenye harufu inayokufikia kabla hujauona. Wachota maji huusukuma kando kwa kitako cha ndoo. Watoto hutoka kuoga wakijikuna. Hakuna anayesema ahsante.

Basi tuanze na nasaba, kama ilivyo desturi ya kusifu. Wataalamu huuita sayanobakteria, na ukoo huo ndio uliojaza oksijeni hewani tangu kiasi cha miaka bilioni 2.4 iliyopita, wakati duniani hapakuwa na mnyama hata mmoja wa kuivuta. Yaani anayeziba pua akipita mwaloni Mwigobero anaizuia hewa ambayo mababu wa huyo anayemkimbia ndio walioiweka. Hata mhogo na mgomba una deni hapo: kile kiwanda kidogo cha kijani ndani ya jani, kinachogeuza mwanga wa jua kuwa chakula, ni kizazi cha sayanobakteria aliyemezwa zamani sana na chembe nyingine, akakataa kusagika, wakaelewana. Wale wanaojivunia kuhesabu mababu kumi na wawili bila kukosea nawaomba wakae kwanza.

Lakini nasaba peke yake haimfanyi mtu. Tazameni siasa yake. Tangu Azimio la Arusha la 1967 tumemtafuta mjamaa wa kweli. Tumemtafuta kwenye mashamba ya kijiji, tumemtafuta hadi kwa kupakia watu kwenye malori, kumbe muda wote alikuwa majini anatusubiri. Yupo mmoja katika jamaa hawa aitwaye Dolichospermum, ambaye huishi kwa mnyororo wa chembe zilizoshikana mikono. Naitrojeni inapoadimika majini, takriban chembe moja kati ya kumi hubadili maisha yake kabisa. Huacha kuzaa. Hujijengea ukuta mnene, kisha hufanya kazi moja tu hadi kufa, kuvuta naitrojeni ya hewa na kuigeuza mbolea, akiwagawia majirani wa kushoto na kulia. Kwa kuwa katika kazi hiyo amepoteza uwezo wa kujitengenezea sukari, majirani humlisha. Hapana mwenyekiti, hapana stoo ambayo magunia yake hupungua usiku, hapana mtu aliyesukumwa. Na mbolea haikusubiri ruzuku. Mwalimu angeishi karibu kidogo na maji badala ya pale kilimani, nadhani angemteua kuwa mkuu wa wilaya.

Mwenzake, Microcystis, hana ufundi huo wa naitrojeni, lakini ana bidii ya kuamka. Ndani ya kila chembe mna vijiputo vya hewa. Mchana hula jua mpaka hushiba, uzito wa chakula ukamshusha chini. Usiku hukitumia, akawa mwepesi, akapanda. Alfajiri, kabla ya upepo, wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao, wanamkuta tayari yuko juu anasubiri jua. Watu wanasema vijana wa siku hizi hawaamki mapema, nao hawajaangalia vizuri.

Sasa nani amemlea? Hapa ndipo sifa inapotugeukia sote, na mimi naona ni haki igawanywe. Chakula chake kikuu ni fosforasi, na fosforasi haikosi wachangiaji. Mto Mara huanzia misitu ya Mau kule Kenya, ukapita mabwawa ya viboko zaidi ya 4,000 wanaokula nyikani usiku na kujisaidia majini mchana, ukapita vivuko ambako, kwa hesabu ya watafiti iliyotolewa mwaka 2017, nyumbu wapatao 6,250 hufa maji kila mwaka, uzito wa tani 1,100. Mtalii hulipa dola aone wakizama. Utando wetu upo mwisho wa mto, hauoni chochote, unapokea tu kilichosalia baada ya mamba, ndege na mafunjo ya bonde la Mara kuchukua fungu lao. Kuna mifugo yetu. Kuna vyoo vyetu na mifereji yetu. Na kuna moshi: mwaka 2005 Rashid Tamatamah na wenzake walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Viktoria hushuka kutoka angani, pamoja na vumbi na majivu. Kwa hiyo hata mtu wa bara kabisa, ambaye hajawahi kulowesha kiatu ziwani, akichoma shamba lake mwezi wa nane ametoa mchango, na mchango umefika bila mtunza hazina kupita nao njiani.

Sifa nyingine ni stara. Mwaka 1927 watafiti wa Kiingereza walipozamisha sahani nyeupe katika ziwa hili ili kupima uangavu wa maji, mbali na pwani waliiona hadi mita 7 au 8. Kufikia miaka ya 1990 sahani ya namna hiyo ilipotea machoni kabla ya mita 3. Ziwa lilikuwa linatembea uchi, utando ukalivika. Na chini ya vazi hilo likatendeka jambo ambalo mkoa wenye makabila mengi kama wetu ungepaswa kulishangilia. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa na aina mamia, jike alimtambua dume wa kwao kwa rangi: huyu mwekundu, yule wa buluu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, baada ya kazi ya miaka upande wa Mwanza, walieleza kwamba maji yakichafuka mwanga hupungua, rangi hazionekani tena, na jike humkubali yeyote aliyepo. Aina zikachanganyika mpaka zikapotea. Hivyo utando umekomesha ukabila kwa njia ya ndoa, bila semina hata moja. Kwamba waliobaki wanafanana wote, na kwamba sangara alikuwa ameshawala wengi kabla ya harusi, ni manung'uniko ya watu wasiopenda umoja.

Linganisha na gugumaji, mgeni wa kutoka Amazoni, aliyeingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Lilipata mradi mkubwa wa nchi tatu. Lilipata warsha, lilipata picha magazetini, liliagiziwa hata wadudu wake maalumu wa jamii ya fukusi ili walitafune. Utando wetu, mzaliwa wa hapa, haujaagiziwa hata sisimizi. Nauona upole wake katika hili. Gugumaji unaweza kuling'oa kwa mikono mbele ya kamera na mgeni rasmi. Huu hata ukiuchota kwa kijiko, kesho asubuhi umesharudi, kwa sababu kilichouleta hakijaguswa.

Hata binamu wa mbali wa baharini wanatendewa vizuri zaidi. Wapo watu Ulaya, Marekani na Ghuba wanaofuga matumbawe sebuleni, ndani ya tangi la kioo lililojaa maji chumvi. Hununua mashine ya kunyonya uchafu, hununua dawa ya kuondoa fosfeti, hupima maji mpaka kipimo cha naitreti na cha fosfeti vyote visome sufuri. Siku hiyo ya kujipongeza ndipo anapobisha hodi dinoflajeleti: kamasi ya kahawia yenye viputo, inayofunika mchanga na matawi ya tumbawe mchana, usiku ikapungua kana kwamba imekwenda kulala. Huyo hupenda penye njaa, maana washindani wake wote wamekufa. Mwenye tangi huzima taa siku kadhaa, huweka mionzi ya urujuanimno kuwaua wanaoelea usiku, hana nafuu ya kudumu, na mwishowe hufanya kinachoshauriwa na wazoefu: hununua naitreti na fosfeti ndani ya chupa na kuzirudisha kwa matone. Chupa! Kitu ambacho mfereji wa mtaani kwetu unakitoa bure masika na kiangazi, mwenzetu anakipima kwa bomba la sindano. Sijui wafanyabiashara wa Musoma wanangoja nini.

Wapo wanaoulaumu. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara karibu na Kirumi yaligeuka meusi, samaki wakaelea. Kamati ya serikali ikasema ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Wengi hawakuridhika, wakasema ng'ombe hawakuanza jana. Naomba izingatiwe kwamba utando haukutajwa kuwa mtuhumiwa mkuu, ingawa kazi ya kumaliza oksijeni nao unaiweza, hasa unapokufa wote kwa pamoja.

Kuhusu sumu siwezi kuutetea sana, ila nausifu kwa kutobagua. Baadhi ya Microcystis hutoa sumu ya ini ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa. Mama anayechemsha maji yaliyochotwa penye utando anaua vijidudu vya kuhara, na hapo amefanya vema. Sumu hii haimwogopi. Moto hupasua chembe na kuimwaga yote sufuriani. Shabu hutuliza tope, haigusi kilichokwisha yeyuka. Mwezi Agosti 2014, kule Toledo, Marekani, jamaa hawa kutoka Ziwa Erie waliwafungia bomba watu karibu nusu milioni kwa siku kadhaa, na tangazo likasema wazi: msichemshe. Mjini Toledo waliuza chupa za maji mpaka rafu zikabaki tupu. Kwetu ushauri ni wa zamani na ni mzuri: ingia mtumbwini, kachote mbali na ufukwe, chini ya tabaka la juu, mahali maji hayana rangi.

Naleta ombi moja. Nane Nane ijayo, viwanja vya Nyakabindi, banda la Mara litenge meza ndogo kati ya pamba ya Bunda na dagaa wa Musoma. Ndoo moja yatosha, na kibao kiandikwe kuwa hili ndilo zao pekee la mkoa lililolimwa na wananchi wote bila kukosa hata mmoja. Ila lisiwekwe jirani na banda la mifugo. Ng'ombe mwenye kiu akiingiza mdomo humo, anaweza asifike jioni, na hapo tutakuwa na kamati nyingine.