Euro 30,000 za Mama Mapasa

Mama yangu anaitwa Mama Mapasa kwa sababu mimi na pacha wangu tulizaliwa siku moja, na tangu hapo mtaa wetu mzima wa Lukafu umesahau jina alilopewa na baba yake. Jambo hilo halikumsumbua mtu hadi pacha wangu, anayekaa Bruxelles, alipojifungua na kutuma ujumbe kwamba bila nkambo, yaani bibi yake, mtoto hataogeshwa vizuri. Ubelgiji wana maji ya moto kwenye kila bomba, lakini kumbe hawana mikono.

Basi tukaanza na chanjo ya safari. Sindano Mama hakuiogopa. Aliona tu kwamba haina kazi, kwa sababu alikwisha kuchanjwa. Muuguzi alipomwomba mkono, akapandisha mkono wa blauzi na kumwonyesha kovu lake la utotoni, alipokaa kambi ya kampuni ya migodi, duara kama kifungo cha koti. "Njo hii. Union Minière ilituchanja siye bote kwenye kambi."

Muuguzi akaeleza, kwa subira ya mtu aliyekwisha kueleza asubuhi nzima, kwamba kovu hilo ni la ndui, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1980 kuwa umekwisha duniani kote, na kwamba leo tumefuata chanjo ya homa ya manjano, ugonjwa unaoletwa na mbu.

"Ndui ilikwisha?"

"Ilikwisha, Mama."

"Basi sindano ya Union Minière ilitumika muzuri. Ya kwenu ilimaliza nini?"

Muuguzi alikwenda kumwita daktari. Angemwita hata hivyo, kwa sababu mtu aliyevuka miaka 60 hachanjwi homa ya manjano mpaka daktari apime faida na hatari. Daktari akauliza kuhusu moyo, dawa anazomeza, na kama mayai humdhuru. Swali la mayai lina sababu: chanjo hii, iliyotengenezwa miaka ya 1930 kutokana na kazi ya Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1951, hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Mama hakuyajua hayo. Alidhani anakaribishwa. "Kama ni ya kukaanga, nitakula," akasema, akatafuta kiti.

Akachomwa. Hakukunja hata uso. Tukapewa ile karte jone, kijitabu cha manjano kinachotazamwa kwenye uwanja wetu wa ndege wa Luano kwa makini kuliko uso wa mwenyewe, na juu ya mstari wa jina kilikuwa kimeandikwa, kwa mwandiko mzuri kabisa: MAMA MAPASA.

Karani hakuwa na kosa kubwa. Alikuwa ameuliza, "Mama ni nani?" na ukumbi mzima ukamjibu. Lakini kadi lazima ifanane na pasipoti, na pasipoti ya Mkongomani wa rika la Mama ni historia ya nchi: kuna jina, kuna postnom linalolifuata, halafu kuna lile jina la mtakatifu ambalo Mobutu alilifuta mwaka 1972 na ambalo Mama aliendelea kulitumia kimyakimya kanisani mpaka liliporudi. Hakuna Mapasa popote. Mjini hapa wapo watu wanaonunua karatasi bila kuiona sindano. Kwetu sisi sindano ilikwisha kuingia, karatasi ndiyo iliyokataa. Ikabidi tungoje kijitabu kipya, huku nikihesabu siku, maana chanjo ya kwanza huhesabiwa halali baada ya siku 10. Mjomba alipiga simu kutoka Kinshasa kutuambia tunahangaika bure, yeye alichanjwa foleni moja tu, mwaka 2016. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ile kampeni kubwa ya Kinshasa ilitoa sehemu moja ya tano ya dozi ili chanjo iwatoshe watu wengi, na kwamba dozi hiyo inakinga lakini haikubaliwi kwa safari za nje.

"Hii ni ya maisha," karani mpya akasema akikabidhi kadi. Ni kweli, tangu Julai 2016 haiishi tena baada ya miaka 10. Mama akaitazama kwa mashaka. "Maisha yangu, ao maisha ya kadi?"

Ikabaki bima. Viza ya Schengen inataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ya matibabu ya haraka, hospitali, na kumrudisha mtu kwao akiugua au akifariki. Hadi sheria ya Machi 2015 biashara ya bima nchini ilikuwa mikononi mwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake. Siku hizi kampuni ni nyingi, na kila moja ina kijana mwenye tai. Wa kwetu alisoma masharti yote kwa sauti, pamoja na kipengele cha kusafirisha maiti.

Mama akafunga mkoba. "Weye mutoto wangu, unanitafutia lufu? Na unalipa franga?"

Nilimweleza njia nzima ya kurudi. Hakujibu mpaka tulipofika nyumbani, akaita kikao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli, kwa sababu katika kueleza nilitaja kiasi, na kiasi kikatoka nje ya ua kabla ya mimi kumaliza sentensi. Kufika jioni Lukafu ilikuwa inajua kwamba Mama Mapasa amepewa na Wabelgiji euro 30,000. Shangazi mmoja alileta karo ya mwanawe. Jirani alikumbuka deni la zamani la gunia la makaa. Mchungaji alipita kutubariki, akakaa. Baba mdogo, ambaye ndiye peke yake aliyeelewa kwamba fedha hizo zinatoka mtu akipatwa na jambo, alinivuta pembeni akaniuliza kwa heshima zote karatasi imeandikwa jina la nani.

Ajabu ni kwamba kelele hizo ndizo zilizomlainisha Mama. Alipoona ukoo wote umejaa uani wakimtazama kwa namna ile, alisema heri afie kwa Wazungu. Akatia sahihi.

Amefika salama, mtoto anaogeshwa. Ubelgiji hakuna aliyemwuliza kadi ya njano. Hawaidai, na hilo limemuudhi. Ila kinachomnyima usingizi ni bima. Siku zinapita, hajakohoa hata kidogo, na fedha ilikwisha kulipwa. Jana alipiga simu kuuliza kama watamtibu goti. Nikamwambia bima haigusi ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari, na goti hilo linamuuma tangu zamani.

"Ile ilikuwa ya kushoto," akasema. "Hii ya kuume imeanzia huku. Uambie ule kijana wa tai."